Sikio la Mhispania na sauti za Kiingereza: maneno pacha, kioo au sabtaito?

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi umeme wa Getafe, kusini kidogo ya Madrid, aliniandikia jioni moja: “Teacher, where do you leave?” Nikamjibu kwamba siondoki, nipo sana. Akashangaa. Kumbe alitaka kujua ninakaa mtaa gani.

Ukiliona kosa kama hilo limeandikwa, usikimbilie kulaumu tahajia. Mtu huandika alichosikia, na sikioni mwake “live” na “leave” ni neno moja. Wala tusimcheke. Mimi ni mtu wa Mombasa, na sikumbuki ni mara ngapi nimepokea “am living now” kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga mlango atoke.

Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u, zile zile tulizoimbishwa chekechea. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina kama 20, ukihesabu na zinazoteleza kutoka irabu moja hadi nyingine, kama katika “boat” na “day”. Sauti 20 zikimwagwa kwenye sikio lenye vyungu vitano, lazima zirundikane. Mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy, katika maandishi yaliyotoka 1939, aliufananisha mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza na chekeche ambalo kila neno geni hupitishwa humo. Chekeche hilo husukwa mapema mno. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa familia za Kiingereza, wakiwa na miezi sita hivi, husikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao hawazipati. Kabla ya kutimiza mwaka, uwezo huo umeshafifia.

Mtu mzima anayetaka kulitoboa upya chekeche lake atapewa ushauri wa aina tatu, na kila aina ina mashabiki wanaoapa kwamba ndiyo yenyewe.

Ya kwanza ni maneno pacha. Unasikilizishwa “ship” au “sheep”, unabonyeza ulichosikia, unaambiwa papo hapo kama umepata, kisha linakuja neno jingine kwa sauti ya mtu mwingine. Ya pili naiita kioo: mwalimu anaonyesha ulimi unakaa wapi na midomo inafanya nini, mwanafunzi anajitazama na kuiga. Ya tatu ni sabtaito: kutazama filamu na tamthilia za Kiingereza huku maneno yanapita chini ya skrini.

Nimezitumia zote. Siku hizi sibishani tena ipi ni bora. Nauliza kwanza ni sauti gani inayosumbua, halafu mwanafunzi ametoka wapi.

Chungu kimoja au viwili

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani walitoa maelezo mawili ambayo mwalimu anaweza kuyaweka mezani bega kwa bega. Catherine Best anaziangalia sauti mbili kwa pamoja. Zikiangukia vyungu viwili tofauti vya lugha ya kwanza, msikilizaji atazitenganisha bila taabu. Zikiangukia chungu kimoja lakini moja ikaingia vizuri na nyingine ikaonekana ya kuchechemea, atapata nafuu kiasi. Zikiingia chungu kimoja sawasawa, hapo pana kazi. James Flege yeye anaishika sauti moja moja: sauti iliyo mbali kabisa na zako utaishtukia na hatimaye kuijengea mahali pake, lakini ile inayofanana na yako kwa karibu ndiyo mtego, kwa sababu unadhani tayari unayo.

Best alianza na wasikilizaji wasioijua lugha ile hata kidogo; Flege alishughulika zaidi na watu walioishi nayo miaka. Kwa hiyo namtumia Best kupanga nianze wapi na mgeni, na Flege kukumbuka ni nini kitakachobaki hata mwanafunzi akishakuwa hodari.

Mfano wa mtego wa Flege ni p. Mhispania ana p, Mwingereza ana p, kwa hiyo hakuna somo, sivyo? Sivyo. Vipimo vya Leigh Lisker na Arthur Abramson vya 1964 vilionyesha kwamba baada ya midomo kuachana kwenye p ya Kiingereza mwanzoni mwa neno, hupita kama sehemu 58 za elfu za sekunde moja, pumzi tupu, kabla ya sauti ya irabu kuanza. Kwenye p ya Kihispania ni kama 4. Ndiyo maana Mwingereza akisikia “peso”, ile fedha, anaweza kudhani ni “beso”, busu. Naye Mhispania akisikia “bear” ya Kiingereza, ambayo haina mtetemo mwingi kabla ya midomo kufunguka, anaweza kuiweka kwenye chungu cha p. Wenzangu wa Kimvita hapa hawana shida. Sisi tunatofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi hiyo hiyo.

Irabu: hapa nachagua maneno pacha

Turudi kwa fundi wangu. Siku ya kwanza ya “ship” na “sheep” alipata nyingi kuliko nilivyotarajia, nikadhani nimebahatika kupata sikio la dhahabu. Kisha nikamwangalia mkono. Kila neno lilipopita alikuwa anagonga meza kwa kidole: gonga moja fupi, “ship”, akikaza kidole mezani, “sheep”. Hakuwa anasikia irabu mbili. Alikuwa anapima urefu wa irabu moja.

Jambo hili limechunguzwa vizuri. Wahispania wengi hushika urefu, ijapokuwa lugha yao wenyewe haitumii urefu wa irabu kutofautisha maneno. Paola Escudero na Paul Boersma, katika utafiti wa 2004, waliwalinganisha wasemaji wa Kihispania wanaojifunza Kiingereza cha kusini mwa Uingereza na wanaojifunza cha Uskoti. Wa kusini waliegemea urefu. Wa Uskoti waliegemea rangi yenyewe ya irabu, kwa kuwa kule “ship” na “sheep” hazitofautiani sana kwa urefu, na irabu ya “ship” ya Kiskoti imesogea kuelekea e. Kwa lugha ya Best, Uskoti inampa Mhispania vyungu viwili ambavyo tayari anavyo, i na e. Kusini mwa Uingereza kunampa kimoja.

Vitabu vya shule navyo huchochea. “I ndefu, i fupi,” vinasema, na mwanafunzi anashika saa. Kanuni hiyo inavunjika mara tu unapobadilisha konsonanti ya mwisho. Irabu hurefuka kabla ya d na hufupika kabla ya t, kwa hiyo “bid” na “beat” zinaweza kulingana urefu kabisa. Nilimwekea fundi maneno hayo mawili. Kidole kikabaki hewani.

Kwa tatizo la namna hii kioo hakisaidii sana. Mwambie mtu ashushe ulimi kidogo sana na aulegeze, atazame kioo, ataona nini? Meno yake. Tofauti iko ndani ya mdomo na ni ya milimita chache. Kinachohitajika ni sikio kulazimishwa kuchagua mara nyingi, na kuambiwa ukweli kila mara.

Lakini sharti sauti ziwe za watu wengi, na sharti hili ndilo walimu wengi huliruka. Ushahidi wake maarufu unatoka kwa Wajapani, ambao r na l za Kiingereza huwaingilia chungu kimoja. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni waliwapa wasikilizaji vipindi 15 kwa wiki tatu, wakitumia sauti za watu kadhaa. Wastani wa kupata ukapanda kutoka asilimia 78 hadi 86. Mwaka 1993 wakajaribu kwa sauti ya mtu mmoja tu. Wanafunzi waliendelea vizuri na mtu huyo, ila walipoletewa sauti mpya maendeleo hayakuhamia huko. Baadaye Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha kwamba mazoezi haya ya kusikiliza tu yaliboresha hata matamshi ya wanafunzi, bila wao kufunzwa kutamka.

Mwalimu anayesoma “ship, sheep” mbele ya darasa kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo, anawafundisha wanafunzi kumsikia yeye. Kwangu mimi ni vibaya zaidi, maana nikichoka zangu zinafanana.

Kwa Wahispania wenyewe kuna kipimo cha Paul Iverson na Bronwen Evans, 2009. Waliwafunza Wajerumani na Wahispania irabu za Kiingereza kwa njia hii. Baada ya vipindi vitano Wajerumani, ambao lugha yao ina irabu nyingi, walikuwa wameendelea takriban mara mbili ya Wahispania. Wahispania wakaongezewa vipindi kumi, wakafika. Na walichopata hakikupotea miezi kadhaa baadaye. Ukinunua kozi ya irabu ya vipindi vitano, basi, jua kwamba imekatwa kwa kipimo cha Mjerumani.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inachosha. Hakuna hadithi, hakuna mazungumzo, ni kubonyeza tu. Kuna tovuti inayofanya kazi hii, English Accent Coach ya mtafiti wa Kanada Ron Thomson, na nyingine, Forvo, ina rekodi za watu wa kila namna. Mimi niliwaomba marafiki wanane waliokulia Uingereza, Uskoti, Ireland na Marekani wanitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp wakisoma maneno 20. Mmoja alisomea kwenye basi, nikaiacha hivyo hivyo na mngurumo wake.

Baada ya i, nenda kwenye “cat”, “cut” na “cot”. Mbili za kwanza Mhispania huzitia zote kwenye a, na ya tatu, ikisemwa Kimarekani, huenda huko huko.

Konsonanti: kioo, lakini muulize kwao wapi

Hapa mizani inageuka. Chukua b na v. Katika Kihispania herufi ni mbili, sauti ni moja: “vaca”, ng'ombe, na “baca”, kichanja cha mizigo juu ya gari, hutamkwa sawa kabisa. Kwa hiyo “vote” na “boat” humfikia mtu zikiwa zimeunganishwa mwanzoni. Unaweza kumpa maneno pacha mwezi mzima, lakini kuna njia ya mkato: v ya Kiingereza ina meno juu ya mdomo wa chini, na meno yanaonekana. Kioo cha saluni cha bei poa kinatosha. Mwanafunzi akishajua cha kutazama, macho humshikia sikio mkono hadi lizoee. Atakwama tu kwenye simu, ambako hakuna sura.

Th ya “think” ndiyo inayowapotezea muda watu wasiouliza. Mtu wa Madrid ana sauti hiyo tangu utotoni: ndiyo iliyo mwanzoni mwa “cinco” na “zapato”, sawa na ya thamani au thelathini. Mwanafunzi wangu mwingine, mama mmoja wa Lima, husema “cinco” kwa s, kama ilivyo karibu Amerika ya Kihispania yote. Kwake “think” na “sink” ni jozi ya kufundishwa. Nilipokuwa mgeni niliwaweka wote wawili kwenye somo moja la th. Mmoja alipiga miayo nusu saa.

Dh ya “they” ni kisa kingine. Wote wawili wanaitamka kila siku, au kitu kilicho karibu nayo sana, katikati ya “nada” na “dedo”. Ila hawajui. Kwao hiyo ni d tu, iliyolegea kwa kuwa iko kati ya irabu. Ndipo “day” na “they” zinapoingia chungu kimoja. Nawaomba waseme “nada” polepole, wasimame katikati, wahisi ulimi ulipo. Wengi hucheka, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Sh na ch pia hutegemea ramani. Kihispania cha Madrid na Lima kina ch bila sh, kwa hiyo “sheep” husikika “cheap”. Mtu wa Buenos Aires hutamka y na ll ya “calle” kwa sh, na ch anayo vilevile. Ana vyungu viwili tayari, mwache apumzike. Kwa wengine natumia ile “shhh” ya kumnyamazisha mtoto, ambayo kila Mhispania anayo ingawa hajawahi kuihesabu kuwa sauti ya lugha.

Kuna konsonanti moja ambayo kioo hakifai: z ya mwisho wa neno, kama “prize” dhidi ya “price”. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe huilegeza z hiyo ikakaribia s. Kinachomwambia msikilizaji ni irabu iliyotangulia, ambayo kabla ya z huwa ndefu. Kidole cha fundi wangu, kilichompotosha kwenye “sheep”, hapa kikawa na kazi halali.

Sabtaito zinafanya nini hasa

Wanaopenda njia hii husema: zoea tu, sikio litafunguka. Ningependa iwe kweli. Ni njia tamu kuliko zote. Lakini kuna ushahidi wa Barcelona unaonitia shaka. Mwaka 1997 Christophe Pallier, Laura Bosch na Núria Sebastián-Gallés waliwapima watu wazima waliolelewa nyumbani kwa Kihispania na kukutana na Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huko, tangu wadogo, wakakijua vizuri sana. Kikatalani kina e mbili, moja ya mdomo uliofunguka zaidi. Wale waliolelewa kwa Kihispania walishindwa kuzitenganisha kama wenzao wa Kikatalani. Miaka na miaka ya kusikia, shuleni na mtaani, haikutosha kufungua chungu kipya. Basi msimu mmoja wa tamthilia utafanya nini?

Hata hivyo usizitupe. Hispania ni nchi ya filamu zilizoingizwa sauti za Kihispania. Amri ya 1941, wakati wa dikteta Franco, ililazimisha hivyo, na mazoea yakabaki hata amri ilipoondoka. Wengi wamekua wakiwaona waigizaji wa Hollywood wakiongea Kihispania safi, kama sisi tulivyokua na movi zilizotafsiriwa na madijei wa vibanda vya video. Mtu kama huyo hajawahi kusikia Kiingereza cha mbio. Utafiti uliofanywa kwa Wahispania na kutolewa 2016 uliwaonyesha tamthilia ya Kiingereza ya saa moja hivi: waliopewa sabtaito za Kiingereza ndio walioendelea zaidi kwenye kusikiliza, kuliko waliopewa za Kihispania au waliotazama bila kitu. Mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen, wakiwapima Waholanzi kwa lafudhi za Uskoti na Australia, waliona kwamba sabtaito za lugha ya nyumbani ziliwarudisha nyuma. Ukichagua njia hii, basi, zima Kihispania chini ya skrini.

Kinachofaidika ni konsonanti zinazoshikana. Mhispania hana neno linaloanza na s na konsonanti nyuma yake. “Escuela”, “España”, kila mara huanza na e. Sikio hujiongezea e hiyo hata kama haikusemwa, na “steam” ikageuka “esteem”. Kuona neno likipita limeandikwa bila e, sekunde ile ile linaposikika, humsaidia. Sisi nasi tuna ugonjwa wetu wa kuongeza irabu, ila tunazitia katikati na mwishoni: kilabu, benki, kabati.

Unayesoma hii ukiwa Mswahili

Sehemu ya irabu ichukue yote, maana vyungu vyetu ni vitano vile vile. Ya konsonanti iache karibu yote. Th, dh, sh, z na v tunazo. Mahali Mhispania anapotupita ni mkazo. Yeye hutofautisha “término”, “termino” na “terminó” kwa mkazo tu, kwa hiyo “record” ya nomino na ya kitenzi haimpi taabu. Sisi mkazo wetu umekaa silabi ya pili kutoka mwisho, haubanduki, na sikio halijajifunza kuutafuta.

Fundi alifanya vipindi 15, robo saa kila kimoja, kwenye treni ya kwenda kazini. Sauti saba za kwanza aligonga gotini. Ya nane ilikuwa ya dada mmoja wa Glasgow, Uskoti, na nilikuwa nimeibania makusudi hadi wiki ya mwisho. Alikosa tano mfululizo. Akarudisha rekodi mwanzo, akaweka mkono mfukoni, akasikiliza tena. “Profe,” akaniandikia, “huyu hana ndefu wala fupi. Lakini ‘ship’ yake inanukia e.”